Rula na Bikari, Bikari Peke Yake, au Rula na Duara Moja: Uchague Njia Ipi ya Kuchora Jiometri?

Mpenzi wa jiometri, awe mwalimu anayesimamia klabu ya hisabati katika sekondari ya Moshi au mwanafunzi wa Arusha anayejisomea baada ya vipindi, akishamaliza michoro ya kawaida ya shuleni hujikuta mbele ya njia tatu, na hajui aendelee na ipi. Ya kwanza ni ile tuliyofundishwa sote, ya rula na bikari. Ya pili ni bikari peke yake, rula ikiwekwa kando kabisa. Ya tatu, ambayo kwangu inastaajabisha kuliko zote, ni rula peke yake pamoja na duara moja tu lililokwisha kuchorwa kwenye karatasi, kitovu chake kikiwa kimetiwa alama. Baada ya hapo bikari hairuhusiwi kuguswa tena. Katika njia zote tatu rula haina sentimita: ni ukingo ulionyooka wa kuunganishia nukta mbili, na hakuna kupima.

Njia hizi hulinganishwa mara nyingi kwa namna isiyozitendea haki, kwa kuwa moja huitwa "ya kawaida" na nyingine huitwa "michezo". Nitazilinganisha kwa vigezo vitano vilevile: uwezo, yaani ni michoro ipi inawezekana, kazi, yaani mistari na maduara mangapi yanahitajika, usahihi wa mchoro unaotoka kwenye karatasi halisi, vifaa na mahali, na mwisho, kile ambacho mchoraji anajifunza kwa kupita njia hiyo na si nyingine. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha kwanza kitatukalisha kwa muda, kwa sababu kinaondoa dhana potofu, na cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa zaidi katika kuchagua.

Uwezo

Mtu akiona chombo kimoja kimeondolewa hudhani kwamba na michoro fulani imeondoka nacho. Ukweli ni kwamba njia zote tatu hufikia nukta zile zile. Mwaka 1672 Georg Mohr wa Denmark alichapisha huko Amsterdam kitabu kidogo kilichoonyesha kuwa kila nukta inayopatikana kwa rula na bikari hupatikana pia kwa bikari peke yake. Kitabu hicho kilisahauliwa hadi kilipoibuliwa tena Copenhagen mwaka 1928, na kwa muda huo wote sifa ilikuwa ya Lorenzo Mascheroni wa Italia, aliyefikia matokeo hayo hayo kwa njia yake mwenyewe na kuyachapisha Pavia mwaka 1797.

Kuhusu njia ya tatu, mdokezo ulitoka kwa Jean-Victor Poncelet, ofisa mhandisi katika jeshi la Napoleon, ambaye alitekwa mwaka 1812 na kuzuiliwa Saratov nchini Urusi, mahali ambapo, bila kitabu chochote mkononi, alianza kuijenga upya jiometri kutoka kichwani mwake. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1822 alisema kuwa duara moja lenye kitovu linatosha. Jakob Steiner, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1796 na kufundisha Berlin, ndiye aliyelithibitisha jambo hilo hatua kwa hatua mwaka 1833, kwa utaratibu ambao mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaweza kuufuata hadi mwisho.

Usawa huu una sharti moja linalopaswa kuelezwa wazi. Kwa bikari peke yake huwezi kuchora mstari ulionyooka wenyewe, kwa hiyo mstari huhesabiwa kuwa umepatikana pale nukta zake mbili zinapojulikana. Vivyo hivyo, kwa rula na duara moja huwezi kuchora duara la pili; duara hilo huhesabiwa kuwa limepatikana pale kitovu chake na nukta moja ya mzingo wake zinapojulikana. Anayeona sharti hili ni la kukwepa jambo na azingatie kwamba katika jiometri ya aina hii kinachotafutwa ni nukta za makutano, na mstari au duara ni chombo cha kuzifikia.

Kwa kuwa uwezo ni mmoja, mipaka nayo ni mmoja. Poligoni sawa ya pande 17, ambayo Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1796 kuwa inachoreka, inachoreka kwa njia zote tatu. Kuigawa pembe ya nyuzi 60 katika sehemu tatu sawa, jambo ambalo Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kuwa haliwezekani kwa rula na bikari, haliwezekani kwa yoyote kati ya hizi. Na mraba wenye eneo sawa na la duara, tangu uthibitisho wa Ferdinand von Lindemann wa mwaka 1882, hauna njia hapa wala pale.

Katika njia ya tatu, hata hivyo, kuna neno moja ambalo msomaji asilipite haraka: kitovu. Miji yetu yote miwili, Arusha na Moshi, ina mnara wa saa uliosimama katikati ya kipilefti chake, na ukiondoa mnara, barabara ya duara inabaki pale pale lakini jicho halina tena mahali pa kuanzia kulenga. Duara la Steiner nalo ni hivyo. Likiwa na kitovu linafungua kila mlango. Kitovu kikikosekana, rula peke yake haiwezi kukipata, hata ukichora mistari elfu.

Sababu yake, hoja ambayo huhusishwa na David Hilbert, inaeleweka bila hesabu nzito. Weka duara juu ya kioo, na taa ndogo itupe kivuli chake kwenye ukuta ulioinama. Kila mstari ulionyooka unatoa kivuli kilichonyooka, na kila makutano ya mistari yanatoa makutano ya vivuli. Inawezekana kuweka taa na ukuta kwa namna ambayo kivuli cha duara kinakuwa duara kamili, ilhali kivuli cha kitovu kinaangukia pembeni mwa kitovu cha duara hilo jipya. Sasa tuseme upo utaratibu wa rula peke yake unaofikia kitovu cha duara lolote. Vivuli vya mistari yake vinakuwa ni utaratibu ule ule uliofanywa juu ya duara jipya, kwa hiyo vingepaswa kuishia kwenye kitovu kipya. Lakini vimeishia kwenye kivuli cha kitovu cha zamani, ambacho hakipo hapo. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na kwa hiyo utaratibu wa namna hiyo haupo.

Kwa upande mwingine, duara lenyewe linaweza kupunguzwa sana. Francesco Severi alionyesha mwaka 1904 kuwa kipande cha tao, hata kiwe kifupi namna gani, kinatosha maadamu kitovu kipo. Na asiye na kitovu ana njia ya kutokea: maduara mawili yanayokatana katika nukta mbili humpa kitovu kwa rula peke yake, kwa sababu mstari mmoja uliopitishwa katika kila makutano hukata maduara hayo mahali panapotoa jozi ya mistari sambamba, na penye mistari sambamba ya kutosha vipenyo hupatikana. Kwa bikari peke yake, au kwa rula na bikari, tatizo hili la kitovu halipo kabisa. Njia zote mbili hukipata kitovu cha duara lolote.

Kazi

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue kazi mbili na kuzifanya kwa njia zote tatu. Ya kwanza ni kupata vipeo vinne vya mraba ndani ya duara lenye kitovu O.

Kwa rula na bikari, chora kipenyo UV, kisha kutoka U na kutoka V chora maduara mawili yenye nusukipenyo sawa na UV, na uunganishe makutano yao. Mstari huo ni kipenyo cha pili, kilichokingama cha kwanza kwa pembe mraba. Jumla ni mistari miwili na maduara mawili.

Kwa bikari peke yake, chagua nukta A kwenye mzingo na, bila kubadili upana wa bikari, tembea hatua tatu kuzunguka mzingo hadi B, C na D. A na D ziko sasa pande mbili zinazokabiliana. Tanua bikari iwe na upana AC, uchore duara kutoka A na jingine kutoka D, nayo yakutane katika E. Umbali OE ndio hasa urefu wa upande wa mraba unaoutafuta, maana katika pembetatu AOE upande AE unazaa kipeo cha pili ambacho ni mara tatu ya kile cha nusukipenyo, na ukitoa kimoja cha AO vinabaki viwili. Kwa upana OE weka bikari katika A, na nukta mbili zilizobaki zinapatikana kwenye mzingo. Jumla ni maduara sita.

Kwa rula na duara lililotolewa, chora kipenyo UV. Chagua W kwenye mzingo, chora mstari UW na uurefushe hadi nukta Q uliyoichagua mwenyewe ng'ambo ya W. Unganisha Q na O, Q na V, kisha V na W; mstari VW unakata QO katika X. Chora UX hadi ukate QV katika R. Mstari WR ni sambamba na UV, na sababu pekee ni kwamba O iko katikati kabisa ya U na V: hiyo ni kanuni ya Giovanni Ceva kuhusu mistari mitatu ya pembetatu inayokutana katika nukta moja. Mstari WR unakata mzingo tena katika W′, hivyo usichague W iliyo juu kabisa ya tao, mahali ambapo WR ungegusa mzingo bila kuukata. Sasa chora VW′ ikutane na UW katika T. Mstari TO ni kipenyo kinachokingama UV kwa pembe mraba, na mraba umepatikana kwa mistari tisa.

Tisa dhidi ya sita dhidi ya nne: gharama si kubwa kama mtu angeogopa. Kazi ya pili inageuza sura. Safari hii tunatafuta nukta ya katikati ya mstari AB uliochorwa mahali fulani kwenye karatasi, mbali na duara.

Rula na bikari zinahitaji maduara mawili na mstari mmoja, kama kila mwanafunzi ajuavyo. Bikari peke yake inahitaji maduara saba kwa njia hii: manne ya kutembea kutoka A, kupitia mzingo wa duara la kitovu B, hadi nukta C ambapo AC ni mara mbili ya AB, la tano kutoka C likipita A, nalo likate duara la kitovu A na nusukipenyo AB katika P na Q, na mawili ya mwisho kutoka P na kutoka Q, yote yakipita A, ambayo hukutana tena katikati hasa ya AB.

Rula na duara moja inahitaji safari. Kwanza chora kipenyo kinachoukata mstari AB mahali fulani, tuite M. Kwa mistari sita kama ilivyoelezwa hapo juu, pata mstari mmoja sambamba na kipenyo hicho. Kisha vipenyo viwili kutoka ncha zake W na W′ vinakupa ncha za mstari mwingine sambamba, upande wa pili wa kitovu na kwa umbali ule ule. Mistari hiyo mitatu yenye nafasi sawa inaukata mstari AB katika nukta tatu zenye nafasi sawa, M ikiwa katikati. Sasa AB ina kipande ambacho katikati yake inajulikana, na mistari sita mingine inakupa mstari sambamba na AB. Juu ya huo unachagua nukta mbili, unaziunganisha na A na B kwa pande na kwa mishazari, na mstari unaounganisha makutano ya pande na makutano ya mishazari unapita katikati ya AB. Nikiihesabu yote napata mistari 21. Mchoraji mzoefu ataipunguza kwa kutumia upya mistari iliyokwisha kuchorwa, lakini hatafika tatu.

Somo la kazi hizi mbili lina manufaa kwa anayechagua. Njia ya rula na duara inashindana vizuri pale ambapo duara lenyewe ndilo kiini cha mchoro, na inagharimu sana pale ambapo jambo limetokea mbali na duara na ni lazima kwanza liletwe kwake. Bikari peke yake inang'aa katika kuzungushia umbali, kama vile pembe sita za heksagoni, na inachoka pale ambapo makutano ya mistari miwili iliyonyooka yanatafutwa, kazi ambayo rula huimaliza kwa mikwaruzo miwili.

Usahihi

Kwenye karatasi halisi kila njia ina udhaifu wake. Bikari za bei ya chini, zile zinazokuja ndani ya mkebe, hulegea kwenye kiungo, na upana ukibadilika kidogo katikati ya kazi ya maduara saba, kosa hilo hubebwa hadi mwisho. Bikari kubwa ya ubaoni huteleza zaidi, kwa kuwa mguu wake hauna pa kushika kwenye ubao mgumu. Rula hailegei, na hili ni faida ya kweli ya njia ya tatu: duara huchorwa mara moja, kwa utulivu, na baadaye hakuna upana wa kulinda.

Hata hivyo mistari mingi huleta kosa la namna nyingine. Mistari miwili inayokaribia kulaliana haikutani katika nukta inayoonekana bali katika doa refu, na anayechagua Q karibu mno na W atajikuta na R iliyo karibu mno na W, kiasi kwamba mwelekeo wa mstari WR hauaminiki. Tena makutano mengine huangukia nje ya karatasi, hasa T pale W inapokuwa karibu sana na U. Dawa ni kuchagua nukta za hiari kwa makini, si ovyo, na kuliweka duara katikati ya karatasi likiwa na nafasi pande zote. Mascheroni mwenyewe aliitetea bikari kwa hoja ya usahihi, akisema kuwa ukingo wa rula ni vigumu kuuhakikisha kuwa umenyooka, ilhali ncha mbili za bikari nzuri hutunza umbali wao. Rula zetu za plastiki zilizokaa juani zinampa haki kwa sehemu: chora mstari, igeuze rula, uchore tena kwenye nukta zile zile, na mwanya ukionekana kati ya mistari hiyo, tafuta rula nyingine.

Vifaa na mahali

Kwa gharama tofauti ni ndogo, na sitaikuza. Mkebe una vyote. Darasani ambako mikebe haitoshi, njia ya tatu ina unafuu wa pekee: mwalimu anaweza kutoa nakala za karatasi yenye duara na kitovu kimechapwa, na kila mwanafunzi akafanya kazi kwa ukingo wowote ulionyooka, hata ukingo wa daftari gumu. Anayechora duara kwa kuzungushia kifuniko cha sufuria akumbuke kuwa amepata duara lisilo na kitovu. Akizungushia kifuniko hicho mara mbili ili maduara yakatane, ameokoka.

Uwanjani mambo hubadilika. Kamba na kigingi huchora duara kwa urahisi kwenye uwanja tambarare, na mafundi wanaoseti msingi wa nyumba wana kanuni yao ya tatu-nne-tano ya kupata pembe mraba, ambayo haihitaji njia yoyote kati ya hizi. Lakini kwenye mteremko, kama ule wa mashamba ya Machame au Kibosho, duara la kamba iliyolala juu ya ardhi iliyoinama haliwi duara kwenye ramani, ilhali vijiti vitatu vilivyopangwa kwa kulenga jicho vinabaki katika mstari mmoja ardhini na kwenye ramani pia. Jiometri ya mistari pekee ilivutia wapimaji na wanajeshi kwa sababu ya aina hiyo.

Kwa anayetumia kompyuta, GeoGebra, programu ya kuchorea jiometri, ni ya bure na hufanya kazi hata bila intaneti ikishapakuliwa. Vitufe vya vifaa vinaweza kupunguzwa hadi kubaki kile cha mstari na kile cha makutano, na hapo njia ya tatu hufuatwa bila hofu ya doa wala karatasi kuisha.

Kinachofundishwa

Rula na bikari hufundisha ulinganifu na pembetatu zinazofanana kabisa. Uthibitisho wake mwingi huishia kusema kuwa pembetatu hii na ile zina pande tatu sawa, na kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza hakuna msingi bora. Ndiyo lugha aliyoiandika Euklidi huko Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na ndiyo lugha ambayo njia nyingine mbili hujieleza kwayo.

Bikari peke yake humfikisha mtu, mara nyingi bila kujua, kwenye wazo la kugeuza nukta kuhusu duara: nukta iliyo mbali na kitovu hupata mwenzake aliye karibu, na umbali wao ukizidishwa hutoa kipeo cha pili cha nusukipenyo. Katika mfano wetu C ilikuwa kwenye umbali wa mara mbili, na mwenzake akawa kwenye nusu. Nukta ya katikati ilipatikana kwa sababu hiyo tu. Anayelielewa hili ameshika chombo ambacho hisabati ya juu hukitumia sana.

Njia ya rula na duara hufundisha kitu ninachokiona cha thamani zaidi kwa mwanafunzi wa sekondari ya juu, kwa kuwa inamwonyesha kila chombo kinafanya nini hasa. Rula peke yake, ikianza na nukta ambazo vipimo vyake ni namba nzima au sehemu, haitoki kamwe nje ya namba za aina hiyo. Inaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, lakini kipeuo cha pili cha mbili haikifikii. Vipeuo vya pili ni mchango wa mzingo uliopindika. Steiner anasema kwamba mchango huo unahitajika mara moja tu: duara moja lishakuwepo, kila duara jingine ni nakala yake iliyokuzwa au kupunguzwa, na kukuza au kupunguza ni kazi ya mistari sambamba.

Hili linaonekana vizuri katika kazi ya kutafuta mahali ambapo mstari l unakata duara lisilochorwa, lenye kitovu C na kupita nukta D. Chora nusukipenyo OE cha duara lililopo, sambamba na CD. Chukua nukta F kwenye l. Kutoka O chora mstari sambamba na CF, kutoka E chora sambamba na DF, navyo vikutane katika F′. Pembetatu CDF na OEF′ ni za umbo moja, kwa hiyo kila kilichokuwa kuzunguka C kimehamishiwa kuzunguka O kwa kipimo kipya. Pitisha katika F′ mstari sambamba na l, nao ukate duara lililochorwa katika S na Z. Rudi sasa: kutoka C chora mistari sambamba na OS na OZ, na mahali inapokata l ndipo duara lile lisiloonekana linapopita. Hakuna mstari hata mmoja katika kazi hii ambao si sambamba na kitu fulani. Kwa maduara mawili yasiyochorwa kazi ni ndefu zaidi, lakini nayo huishia hapa hapa, kwa sababu kwanza hutafutwa mstari unaopita katika makutano yao yote mawili, kisha mstari huo unakuwa l.

Nani achague ipi

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa Taifa abaki na rula na bikari hadi mkono uzoee, kwa kuwa maswali ya michoro ya shule huulizwa kwa lugha ya vyombo hivyo viwili, na njia nyingine zitamsubiri hadi amalize mitihani. Hali hiyo hiyo ni ya mwalimu wa kidato cha kwanza ambaye darasa lake bado linachanganya kukata pembe katikati na kukata mstari katikati.

Mwenye klabu ya wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu wanaopenda mafumbo na wasiopenda maelezo marefu, ninamshauri aanze na bikari peke yake, na kazi ya kwanza iwe mraba ndani ya duara, maana maduara sita yanatosha kumpa kila mmoja furaha ya kufika kabla kipindi hakijaisha. Nukta ya katikati kwa maduara saba ifuate wiki nyingine.

Anayefundisha kidato cha tano na sita, au anayejisomea akitaka kuelewa kwa nini kipeuo cha pili kinahusiana na duara, aende kwenye rula na duara moja, na asianze na nukta ya katikati bali na mstari sambamba wa mistari sita. Huo ukishakaa kichwani, mengine yote ni kuurudia mahali papya. Mwenye vipindi viwili tu afanye cha kwanza kwa mistari sambamba na mraba, na cha pili kwa hoja ya kivuli inayoonyesha kwa nini kitovu ni lazima. Kazi ya maduara mawili yasiyochorwa aiache kwa wanaotaka kuifuata nyumbani.

Mwenye karatasi yenye kipande cha tao tu, tuseme nakala iliyokatika pembeni, asiitupe kama kitovu kimo. Njia ya tatu bado inampa kila kitu, ingawa kwa mistari mingi zaidi.

Anayetafuta kuigawa pembe yoyote katika sehemu tatu sawa asipoteze muda kwa yoyote kati ya hizi tatu. Akunje karatasi: Margherita Beloch wa Italia alionyesha mwaka 1936 kuwa mkunjo unaopeleka nukta mbili kwenye mistari miwili kwa wakati mmoja hutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, na pembe hiyo imo katika milinganyo hiyo.